Kura ya Mafuta

Walinichagua Jumamosi, nyuma ya duka la ushirika,
kwa kunde. Kila mwanachama kunde moja:
bakuli la bluu la Milembe, la njano langu.
Arobaini na moja kwa thelathini na nane.
Milembe akazihesabu tena, akacheka,
akasema, "Zichukue ukapike, mjumbe."
Nikazipika kweli.
Watoto wanne, hazikutosha.

Tangu siku hiyo sina njia ya mkato.
Mabatini nyumba zimepandana mlimani, jiwe kwa jiwe,
na kila jiwe lina mwenye neno.
"Mjumbe, sukari ina unyevu."
"Mjumbe, yule kijana wa mizani ana kidole kizito."
Mzee Lugembe hunisimamisha nina ndoo kichwani,
anifunulie kadi yake, hisa tatu,
muhuri wa zambarau umefifia kama kovu,
aulize kama ziada itagawiwa kabla hajafa.
Nasema, nitauliza.
Ndilo neno langu siku hizi.
Shija, mwanangu, ameshalidaka:
nikimwambia afue sare
hujibu, "Nitauliza."

Kikaoni walinituma na sentensi moja.
Niliiandika kiganjani kwa kalamu, nisije nikababaika:
MAFUTA YASIPANDE.
Tulikuwa wajumbe kumi na mmoja
juu ya viti vya kuazima kanisani,
upepo ukipandisha harufu ya dagaa kutoka ziwani.
Mtunza hazina, Nyamizi, si mtu wa hotuba.
Aligeuza daftari
likanitazama mimi.

Nimeishia darasa la saba, lakini kutoa na kujumlisha najua;
nimeuza dagaa Kirumba miaka tisa.
Kila lita tuliyompimia mtu
tulimtilia mfukoni shilingi mia mbili
ambazo sisi wenyewe hatukuwa nazo.
Miezi mitano
duka lilikuwa likijila taratibu,
kama kipande cha sabuni kilichosahauliwa ndani ya beseni.

"Wanaokubali yapande?"

Nilitazama kiganja. Jasho lilikuwa limeshapita pale:
YASIPANDE imekuwa doa,
limebaki neno MAFUTA.
Nikaunyanyua mkono huohuo.

Mwingine angesubiri tangazo libandikwe mlangoni.
Mimi nilianza na nyumba ya juu kabisa
ili nikichoka niwe nateremka.
Milembe aliniuliza, "Zile kunde,
ulizitafuna vizuri?"
Sikuwa na jibu. Nikakaa kidogo kizingitini kwake, nikainuka.
Lugembe hakutaka maneno, alitaka hesabu.
Nikaokota mkaa jikoni mwake
nikamwandikia juu ya jiwe la mlangoni:
tulichonunulia, tulichouzia, pengo.
Akaifuata kwa fimbo, tarakimu kwa tarakimu,
mara mbili, midomo ikicheza.
"Sijaridhika," alisema.
Nikainama nifute.
"Nani amekwambia ufute?"

Kwa Nkwimba, mkaanga maandazi, nilibisha hodi tatu.
Karai lilikuwa likichemka ndani,
namsikia anageuza, anaopoa.
Mlango haukufunguliwa.
Ni yeye aliyenifundisha kuiandika ile sentensi,
alinishika mkono nisikosee herufi.

Jiwe la Lugembe lilisomwa siku nne.
Watu walipita, wakasimama, wakabishana,
mmoja akasahihisha tarakimu yangu ya mwisho,
na alikuwa sahihi.
Siku ya tano mvua ikanyesha.

Leo asubuhi nimepanga foleni kama wengine,
chupa ya nusu lita mkononi.
Nyuma yangu, harufu ya hamira na moshi:
sikuhitaji kugeuka kujua ni nani.
Kijana akanipimia mafuta
kwa bei niliyoipigia kura. Nikalipa,
noti moja, sarafu mbili, na hakuna chenji.
Kisha nikaagiza sukari, robo kilo.
Sindano ikapanda, ikatetemeka, ikatulia.
Nikasema, "Kidole, mwanangu."
Akakitoa.
"Na changu hivyohivyo," ilisema sauti nyuma yangu,
haikusema mjumbe,
haikusema shikamoo,
ila ilisogea hatua moja
karibu na mizani.