Mizani ya Miritini

Mimi kazi yangu ni kupima uzito.
Kibanda cha bati la buluu, kiti kimoja, feni mbovu.
Malori yanapanda mizani moja moja
nami nasoma tarakimu, nagonga muhuri:
tani ishirini na nane, saruji. Tani kumi na tisa, ngano.
Akizidisha, dereva huniita dada, kisha huniita mama,
kisha hasemi kitu, anazima redio.

Moshi hauna stakabadhi.
Unaingia dirishani bila kupimwa,
unalala kikombeni, kwenye kope, kwenye buibui langu;
nikilifua, maji yanatoka kama wino wa pweza.

Na yule buibui mwingine, mwenye miguu minane,
alihamia pembe ya dirisha tangu mwezi wa Shaabani.
Tunashiriki jina, sikumfukuza.

Jumamosi alikuja Mishi, mtoto wa dada yangu,
anayesoma mambo ya wadudu kule Tudor.
Akatoa kichupa, akazungusha uzi kwenye kijiti
taratibu, kama anayechana nywele za mgonjwa.
"Khalati, huu umetoka wapi?"
Tumboni mwake. Nani asiyejua?
"Na tumboni uliingiaje?"
Nzi.
"Na nzi alikula nini?"
Maganda ya machungwa ya yule kijana wa getini.
"Na chungwa?"
Hapo nikanyamaza, maana jibu lilikuwa likipita nje
kwa magurudumu ishirini na mawili.

Hewa ukaa, akasema. Jani huinywa, huigeuza sukari.
Hiyo ndiyo njia ndefu, ya kuzungukia Mazeras.
Lakini huenda ipo na ya mkato:
hewa ileile, ndani ya damu ya mdudu,
chembe yake moja hukamatwa, hufungwa penye kiungo,
hushuka hadi kwenye tezi, hutoka uzi.
Hata kiwavi wa hariri, anapojifungia chumbani
asitake mgeni, huenda anafuma na pumzi yake mwenyewe.
"Ni kidogo tu, Khalati. Usije ukawaambia watu
buibui anausafisha mji. Tunapima bado."

Tunapima bado.
Nililipenda neno hilo, nikampa na nauli.

Usiku nikawa nalitafuna: ukaa.
Makaa ni ndugu yake. Na kukaa je?
Labda ni hewa isiyojua kuondoka,
huhama nyumba tu.
Marehemu Swabiri alipita mizani hii miaka kumi na mmoja
na lori lenye pua nyekundu, hakuzidisha hata kilo.
Akisimama hapo nje alipenda kupulizia kioo changu,
aandike kwa kidole: TANI MIA.
Mimi nafuta kwa upande wa ndani, hakifutiki,
yeye anacheka hadi kikohozi.
Ilikwenda wapi, pumzi ile?
Sikumuuliza Mishi. Angenijibu.

Jana Bwana Ngolo alinirushia ufagio:
wakubwa wanakuja kukagua, toa tandabui zote.
Nikatoa za darini, za nyuma ya kalenda,
moja iliyokuwa imeshika vumbi la saruji
hadi ikaning'inia kama soksi.
Ya dirishani nikaipita.
Nikasema nimemaliza.

Alfajiri nilimkuta mwenyewe anaikunja,
anaila, uzi kwa uzi, habakishi,
kama maskini anayefumua sweta la zamani
apate sufi ya kumfumia mtoto.
Ukamponyoka mmoja, ukaninatia kidoleni.

Barabara ilikuwa tupu, jambo la nadra.
Nikatoka nao hadi katikati ya mizani,
nikaulaza juu ya chuma, nikaweka jiwe dogo usipeperuke,
nikarudi ndani kusoma.
Mizani yetu haisomi chini ya kilo ishirini.
Sufuri, sufuri, sufuri.
Nikaandika hivyo hivyo. Aina ya mzigo: hariri.
Atokako: nikaacha wazi.
Nikagonga muhuri.

Nje honi. Lori la saruji, dereva mgeni,
anauliza kwa mikono: vipi, mama, hilo jiwe?