Tangi la Kintinku

Babu yangu Chilongani hakuwahi kuendesha garimoshi.
Kazi yake ilikuwa kulinywesha.
Vuta mnyororo, elekeza bomba la turubai,
hesabu hadi mia tatu, funga.
Likishashiba likaondoka na moshi wake,
wanawake walitega vibuyu chini ya bomba linalovuja,
maana kiangazi cha Ugogo hakina haya
na kisima kilikuwa mwendo wa alfajiri nzima.
Stesheni masta, Bwana Trivedi, aliwafokea kwa Kigujarati,
kisha akageuka ukutani kusoma ratiba
aliyoijua kwa moyo.

Mataruma yalimtangulia babu.
Yana maandishi ya Kijerumani tumboni;
utotoni tuliyapapasa kwa vidole
kama vipofu wanaojifunza kusoma.
Bibi Sechelela alisema waliyalaza watu wa kodi:
asiye na rupia alilipa kwa mgongo.
Halafu ikaja Mtunya.
Uwele wetu ukapanda mabehewa
kwenda kulisha vita vya wenyewe,
na reli ile ile
ikapita katikati ya njaa bila kupunguza mwendo.
Hilo alilisema mara moja tu,
akaendelea kusonga ugali.

Mimi nakumbuka mengine.
Kipande cha reli kikining'inia mlangoni pa ofisi,
Mzee Ndahani akikigonga mara tatu:
imetoka Bahi!
Na sisi mbio, mayai ya kuchemsha,
chumvi kwenye karatasi ya daftari,
mikono madirishani isiyo na nyuso,
chenji ikirushwa treni ikishaanza kuvuta,
na siku nyingine isirushwe.
Yuko mtu Kigoma namdai shilingi ishirini
tangu darasa la nne.

Sasa ng'ambo wanajenga ya umeme.
Nguzo zimepangwa hadi macho yanachoka.
Haitasimama hapa, tumeshaambiwa,
kwa barua yenye mhuri.

Tangi bado limesimama kwa miguu yake minne,
kavu, limejaa nyuki.
Juzi walikuja wa vyuma chakavu na mizani yao.
Wakauliza, la nani hili?
Nikasema, la babu.
Si kweli, na mmoja wao alijua si kweli,
lakini wakapiga hesabu ya kilo, wakaningoja.

Nikaweka sikio kwenye chuma.
Ndani kulikuwa na mvumo, kama maji yanayopanda.
Nikaanza kuhesabu.