Asilimia Sitini na Moja

Asilimia sitini na moja, radi ikashuka Chavakali
na stima ikaondoka bila kuaga.
Nilikuwa nimeonywa: ukisasisha bayosi usizime,
usiguse, hata kikohozi kiahirishe.
Hakuna aliyeyaonya mawingu ya Maragoli.

Stima iliporudi, feni ikazunguka.
Feni tu. Kioo kikabaki cheusi
kama tako la sufuria ya matanga.

Na ndani, kwenye diski isiyo hata na mkwaruzo,
alikuwamo Mama Kageha mzima mzima:
picha yake na kitambaa cha kanisa, wasifu,
orodha ya wajukuu thelathini na wanne,
mazishi Jumamosi, saa nne, mvua ikikubali.
Mashine ilikumbuka kila kitu.
Ilichosahau ni namna ya kuamka.

Nikatoa betri ya saa, ile ndogo kama sarafu,
nikahesabu hadi mia tatu.
Nikagusanisha pini mbili kwa bisibisi.
Nikachomeka flashi, nikabadilisha jina la faili mara nne
kama mgeni anayebisha hodi kwa lafudhi tofauti.
Feni. Feni tu.
Amugune, mwana wa marehemu, alikaa kwenye benchi
akisema, "Hakuna haraka,"
na kisigino chake kikitwanga sakafu.

Ndipo nikampigia Inziani, fundi wa televisheni wa Mbale.
Akaja na kibanio cha meno manane
ndani ya mkebe wa mafuta ya kupikia.
Chipu aliiona kabla sijamaliza kueleza:
nyeusi, haizidi punje ya mahindi.
"Soma kwanza, ndipo uandike."
Akasoma mara tatu, maana kibanio nacho hudanganya;
ya tatu ikalingana na ya pili.

Kwenye laptopu yake nikaliona jeraha.
Juu maandishi, chini maandishi, katikati
FF FF FF FF FF
safu kwa safu, pale palipofutwa
na mkono ukakatika kabla ya kuandika.
Nikajikuta nayasoma kwa sauti, fff, fff,
kama mtu aliyeinamia jiko alfajiri
akipulizia kaa moja.

Kabla ya yote akanyofoa nambari ya ubao, akaihifadhi.
"Hili ni jina lake la kuzaliwa.
Tusimfufue akaamka mtu mwingine."
Kisha akaandika. Dakika saba.
Mimi na Amugune tulipumua kwa zamu.

Mlio mmoja, mfupi.

Kioo kikawaka, kikadai tarehe.
Betri niliitoa mwenyewe, kwa hiyo mashine iliamini
ni Januari mosi, elfu mbili kumi na tatu.
Mwaka huo Mama Kageha alikuwa hapo ng'ambo ya barabara,
mwavuli wa manjano, ndizi za kuiva,
ananidai shilingi sitini
na kunicheka kila nikipita upande wa pili.

Kidole kikakaa juu ya kitufe
kuliko inavyompasa fundi.
Inziani akakunja waya zake.
Amugune, safari hii, hakusema hakuna haraka.
Nikapandisha miaka mmoja mmoja hadi wiki hii,
nikabonyeza.

Nakala mia mbili, rangi jalada tu.
Kwenye risiti nikapunguza sitini.
Amugune akauliza ni za nini.
Nikamwambia, za ndizi.