Robo Digrii

Gari la mzee Nukui limerudi tena asubuhi,
tope la shamba la viazi limegandia juu ya matairi.
"Linanigombeza, Madoka," anasema, akivua glavu kwa meno.
"Nikiwa katikati ya njia, linalia.
Juzi nikasinzia, tairi likakanyaga mstari wa njano,
kimya. Kimya kabisa, kama shemeji aliyenuna."

Nimeanza na yaliyo mepesi.
Fyuzi nzima. Betri ina nguvu.
Waya wa nyuma ya dashibodi, niliokuwa nikiutuhumu tangu Jumanne,
hauna hatia.
Nimefuta kioo, ndani na nje,
nimeitungua hirizi ya safari njema aliyoitundika binti yake
na kuiweka mezani, kando ya chai yangu,
nisije nikailaumu bure.
Gari bado linalia.

Kompyuta ya gereji inajibu kwa tarakimu tano
na neno moja: sawa.
Sawa gani, na mteja wangu anakonda?

Hapo ndipo nilipomuuliza kuhusu kioo.
Akajikuna shingo. Mwezi wa nane, lori la kokoto,
barabara ya kwenda Ashoro; kijiwe kama punje ya kunde,
ufa ukatambaa mpaka katikati.
Mpwa wake akamtafutia kioo cha bei poa,
akakibandika nyuma ya ghala, jua likizama.
"Kazi safi," anasema. Na kweli ni safi:
gundi imekaa, hakuna upepo unaopenya.
Ila kamera ilirudishwa mahali pake kwa kukisia,
na jicho la mpwa, hata likijaa mapenzi,
si kipimo.

Nimefunga mlango. Nimepima sakafu kwa kamba na timazi,
nimesimamisha ubao wa miraba myeusi na myeupe
mita nne mbele ya pua ya gari,
nimejaza matairi upepo,
nimeshusha magunia mawili ya mbolea kutoka kwenye buti,
maana gari lililolemewa nyuma hutazama mbinguni.
Kisha nikasubiri.

Robo digrii. Hiyo tu.
Hapa kiooni haifiki unene wa ukucha;
huko mbele, mita hamsini, ni shibiri nzima,
inatosha kuuhamisha ukingo wa barabara
na kumtia mtu mwema mashakani.

Tukatoka kujaribu, mimi kwenye usukani.
Nikakanyaga mstari makusudi: mlio.
Nikarudi katikati: utulivu.
Nukui akacheka, akajipiga kofi gotini.

Halafu, kabla ya daraja, theluji.
Kwanza chembe, kisha pazia, kisha lami yote ikafutika,
na juu ya nguzo mishale myekundu na myeupe
ikawa inatuonyesha kwa kidole ukingo ulipolala.
Taa ndogo ya njano ikawaka: kamera haioni.

Nikadhani atanigeukia na lawama mpya.
Akaitazama ile taa kwa muda.
"Basi limepona," akasema.
"Mwanzo lilikuwa linajifanya linajua."

Nikapunguza mwendo. Tukafuata mshale, mshale,
yeye akihesabu kwa sauti bila kuombwa.
Tulipofika kumi na saba nikakumbuka
hirizi yake bado iko mezani kwangu,
kando ya chai, ambayo sasa imepoa.