Muhtasari wa Chai

Bosi amesema mnunuzi hasomi.
Ana ndege ya kupanda Ijumaa,
anataka miaka tisa ya kampuni
ikunjwe ikae ukurasa mmoja,
tena ukurasa wenye nafasi pembeni ya kupumua.

Basi nimeilisha mashine.
Hapa Lunga Lunga, juu ya karakana ya betri,
nyundo zikigonga chini ya soli zangu,
nimeilisha mikataba, kumbukumbu za vikao,
risiti za petroli zilizofifia hadi zikabaki na harufu tu ya wino,
barua za kudai, barua za kuomba radhi kwa kudai,
na daftari la matumizi madogo
kwa mkono wa marehemu Bi Kwamboka,
ambaye saba yake ilifanana na moja
na hakuwahi kupoteza hata senti.

Mashine haikukohoa.
Sekunde kumi na nne. Nilihesabu nikipuliza uji.

Ikaandika: Kampuni ni imara.
Ikaandika: Pampu za maji huuzwa zaidi ukame ukianza
(hilo hata mbuzi wa Kajiado analijua).
Kisha, kifungu cha tano:
Gharama ya vinywaji imezidi kiasi.
Kwa wafanyakazi kumi na mmoja,
chai ya shilingi laki nne kwa mwaka ni nyingi.
Inapendekezwa birika moja kubwa la umeme,
na majani yanunuliwe kwa jumla.

Nilicheka hadi Barasa wa stoo
akapanda ngazi kuuliza kama nimeposwa.

Ewe mashine, mwana wa watu,
umesomeshwa lugha zote, chai hukuonjeshwa.
Chai ya leseni. Chai ya mizani.
Chai ya afisa aliyekagua vizima moto vyetu
akiwa ndani ya gari, vioo vimepandishwa.
Chai hii haina sukari wala kikombe,
hunywewa kwa kiganja,
na anayeungua ulimi ni yule aliyeimimina.

Kwamboka aliandika yote.
Chai, 3,000.
Chai, 5,000, wamerudi.
Chai, 10,000, Mola atusamehe.
Hapo mashine imeruka.
Mola hakuwa na safu ya kuwekwa.

Na kitabu cha mlinzi, Mzee Etyang',
kurasa mia mbili na tisini za usiku mtupu?
Hakuna tukio la maana, ikasema.
Nikakifungua mwenyewe.

Saa tatu usiku. Wageni wawili. Wamekunywa chai. Hawakuketi.
Saa nane usiku. Mvua. Paka amezaa ndani ya sanduku la pampu.
Saa kumi na moja alfajiri. Kwamboka amefika mapema. Analia. Nimemwachia kiti.

Uji ukaganda utando.

Simu: Nduku, muhtasari uko sawa?

Hesabu zinalingana, bosi.
Na zililingana kweli, hata uongo haukuwemo,
kila shilingi imeketi mahali pake kama mtoto wa darasa la kwanza.
Ningeweza kufuta lile neno, vinywaji,
nikaweka lenzake, lile ambalo sheria inalijua kwa jina.
Kodi yangu ya Tassia ni tarehe tano.
Kidole kilisimama juu ya kibodi
muda mrefu kuliko sekunde kumi na nne.

Nikaongeza mstari mmoja, kwa herufi ndogo:
Kuhusu chai, tazama kitabu cha mlinzi, kurasa zote.

Jumatano iliyofuata pikipiki ilileta kasha.
Mnunuzi ameridhika, bosi alisema,
ameanza kuokoa pesa kabla hata hajatia sahihi.
Birika la chuma, lita ishirini, linang'aa
hadi unaona meno yako.

Usiku ule nilichelewa kutoka.
Getini kitabu kilikuwa wazi, wino haujakauka:

Saa moja jioni. Birika limeingia.
Nimefunua nikaangalia ndani.
Tupu.