Kitalu Gani, Nyemo?

Kijana wa mauzo ametandaza ramani juu ya boneti,
ameibana pembe nne kwa kokoto,
maana upepo wa mwezi wa saba Dodoma una mkono mrefu.
Makazi ya Wastaafu, Ntyuka: nyumba mia tatu na kumi,
vitalu vinne vya rangi, kama peremende,
na kimoja pembeni.
"Mzee Chilongani, wahi. Cha kijani kinakwisha."

Chagua. Neno hilo sijalizoea.
Miaka thelathini na mbili serikali ilinichagulia:
Kondoa, kisha Manyoni, kisha pampu za Mzakwe,
nyumba za idara zenye namba mlangoni,
na siku ya kuhama walihesabu hata balbu.

Tukaanza na cha kijani, juu, kwenye majabali.
Ukisimama barazani mji wote uko miguuni,
mabati mapya mpaka macho yanauma.
Nyemo akavuta pumzi, akasema, "Pazuri."
Mimi nikafungua bomba la bustani.
Likakohoa, likatema kutu, likanyamaza.
Nayajua maji, yanavyouchukia mlima
saa nne asubuhi, mji mzima ukifua.
Na magoti ya Nyemo nayajua:
ngazi kumi na nne, nilizihesabu akipanda,
kila moja akiitajia Mungu.

Cha bluu kimepakana na zahanati.
"Hapa hata ukizidiwa usiku..." Kijana hakumalizia.
Kule wanapimana kwa vidonge
kama zamani tulivyopimana kwa vyeo.
Mkurugenzi mmoja, ambaye kazini hakuwahi kuitikia salamu yangu,
alikuwa anamwagilia mche wa mpapai kwa kikombe cha chai.
Akanipungia mkono. Mkono mzima.
Nikashindwa kumchukia, nikaona hasara.

Cha njano: ukuta, geti, mlinzi, kimya.
Kimya cha ofisi siku ya sikukuu.

"Tuchukue cha chungwa," nikasema.
"Kiko bondeni. Bomba la inchi nne linapita chini yake,
koki kuu nimeiona kwa macho yangu.
Pale maji hayatakatika,
labda nikatike mimi."
Ndivyo nilivyokuwa nimepanga:
kuzeeka karibu na presha nzuri.

Nikageuka. Hayupo.
Yuko kule pembeni, kitalu cha tano,
kile ambacho ramani ilisahau kukipaka rangi.
Vyumba viwili viwili, mabomba hayajaingia ndani,
koki moja ya nje, ndoo zimejipanga foleni zenyewe,
na wenye ndoo wamekaa kwenye kivuli cha tangi
wanamenya karanga,
mmoja anacheka mpaka kanga inamvuka begani.
"Mbukwa!" wakanisalimu.
Nyemo alishakaa. Alishajazwa karanga kiganjani.
Alishajua nani wa Hombolo, nani ana mjukuu chuoni,
nani kazikwa mume mwezi uliopita na hataki kuulizwa.

"Hapa," akasema.
"Nyemo, hapa hapana maji."
"Hapa pana foleni ya maji."

Nilitaka kubisha. Nina hoja za maisha mazima,
nina mikono iliyopasuliwa na baridi ya mabomba
ili mwanamke asibebe ndoo.
Akapuliza maganda, akasema polepole:
"Mzakwe tulikuwa na koki jikoni.
Miaka tisa, jirani wa ukuta mmoja.
Nilimjua jina siku ya msiba wake."

Kijana akaja na fomu, kalamu mdomoni:
"Niandike kipi, wazee?"
Sikumjibu.
Nilikuwa naitazama ile koki,
inadondosha, tone, tone, mpira umekwisha,
na spana yangu ndogo, mazoea ya kijinga,
imo mfuko wa koti hadi leo.
Nikainama kuifungua.

"We baba," yule wa kanga akapaza sauti,
"foleni inaanzia kule."