Ndoo ya Bluu

Anaeli, Krismasi ukimleta mtoto
umwache hapa hadi umalize chuo,
usimpe maji ya mfereji wa nyuma.
Najua ni safi, hata kokoto unazihesabu.
Sisi tuliyanywa hivyo hivyo, kwa viganja,
na kijiji kikituita kwa jina lake kila siku:
Maji ya Chai.
Nani alisikiliza?

Unamkumbuka mpiga picha wa darasa la saba,
yule Lekumok mwenye kiti cha kukunja?
"Cheka, binti! Picha haipendi kununiwa."
Nikacheka kwa macho.
Mkono ulipanda mdomoni wenyewe
na tangu siku ile haushuki, ila kwa kula.
Hata kitambulisho changu cha taifa
midomo imefungwa kama bahasha.

Nilipomzaa Nasari, Nesi Ndetaulwa alinieleza:
jino hupikwa gizani, ndani ya fizi,
miaka kabla halijachungulia.
Ukiliona doa, chungu kilishaepuliwa zamani.
Nikamuuliza, na nikiyachemsha?
Akacheka, ana meno ya Iringa yule, meupe kama tui.
"Moto unaua vijidudu. Floraidi haifi.
Maji yanapanda na mvuke, yenyewe inabaki chini
ikikolea, kama chumvi ya mchuzi uliosahaulika."

Kwa hiyo sikia, ingawa msomi ni wewe.

Uji wake nitaupika kwa maji ya mvua.
Simtanki liko chini ya bati jipya, lita elfu mbili,
nimelilipa kwa nyanya za misimu mitatu.
Mvua ya kwanza ya vuli niliiacha ipite
ioshe vumbi na mavi ya kunguru;
ya pili ndiyo niliyoikinga.
Nayo naichemsha. Hapo moto una kazi.
Kifuniko nimekikaza kwa waya, na tofali mbili juu,
mbu wasizae humo,
na kwa sababu nyingine unayoijua:
pipa la Mama Nderiki lilikuwa la kimo cha kiuno tu,
na mtoto alikuwa anafuata kikombe chake.
Siongezi neno.

Magadi je? Mama atataka kuyatia kwenye maharage
yaive upesi, kama alivyotupikia sisi.
Usibishane naye mbele ya wageni,
unamjua akikatazwa jikoni kwake.
Mimi nitayaloweka maharage usiku kucha,
asubuhi yatakuwa laini, naye hatakuwa na hoja.

Dawa ya meno, punje ya mchele.
Si lile funza nono la kwenye matangazo.
Na ateme. Mfundishe kutema kabla hujaja,
hata kama atakulowesha kifua.

Baba atauliza: mbona ninyi mlikua?
Tulikua, ndiyo.
Kaka Elifasi naye alikua,
magoti yakipishana kama majirani wasiosalimiana,
akaacha mpira, akaacha ngazi za kanisa,
sasa anaabudu akiwa mlangoni.

Picha uliyotuma nimeikuza kwa vidole
mpaka meno yake sita yamekuwa ukungu.
Meupe, mdogo wangu.
Lakini Nesi anasema hayo ya utoto yana siku zake;
ya ukubwani ndiyo yanapikwa sasa,
mwaka huu, na ujao, na mwingine,
jikoni kwangu, umeniachia mwiko.
Usiku mwingine nakosa usingizi nikiliwaza hilo.

Nataka siku moja mpiga picha fulani
amwambie mwanao, basi, funga mdomo kidogo,
tumeshaona.

Ndoo ya bluu yenye mfuniko, karibu na kabati,
ni yake.
Nimewaambia wote nyumbani.
Jana nimetoka shambani koo limekauka,
nikasimama mbele yake kitambo,
kisha nikaenda zangu mferejini.
Mimi nilishaiva.